Gelasius Aita Kikao

Gelasius hakuzaliwa mtu wa kushuku. Kazi ndiyo iliyomfunza. Mwaka ule wa 2019 alikuwa akijifunza usimamizi katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Mesquite, Texas, na jambo la kwanza aliloambiwa ni kwamba wakaguzi wa serikali hawapigi hodi, wanatokea tu. Basi kila mgeni aliyeuliza choo kiko wapi, Gelasius alimtazama juu hadi chini akijiuliza kama huyu hakuja kupima joto la maji ya bomba. Siku moja alimnyemelea mtu mzima wa watu korido nzima, kumbe ni fundi wa mashine ya soda.

Alikuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi. Alianza kwa kuogesha wazee, akapanda ngazi moja moja mpaka akafika mlangoni pa ofisi ya msimamizi, na mlango ule ulifunguliwa na leseni tu. Mtihani wa leseni alishaanguka mara moja. Bajeti, moto, usafi wa jikoni, hayo aliyajua kama Salamu Maria. Kilichomwangusha ni sehemu ya haki za wazee, na hapo alikuwa na hakika kwamba kuna hila.

Mwatumu, muuguzi Mzanzibari wa pale kazini, alimsaidia kujipima wakati wa chakula cha mchana.

"Mzee ana akili zake timamu," Mwatumu akasoma. "Hataki kuoga, wala hataki mwanawe aambiwe. Msimamizi anafanya nini kwanza?"

"Anaita kikao cha familia."

"Kaka Gelasius! Tena? Kila swali wewe waita kikao! Anaulizwa mzee mwenyewe."

"Mzee ataulizwaje mambo yake na watoto anao?"

Mwatumu alicheka mpaka akaegemea friji. Gelasius hakucheka. Alisema waliotunga maswali yale hawana mama, au wanaye na hawamtembelei.

Yeye mama alikuwa naye. Baba yao alipofariki Bukoba, watoto walikaa kikao kwa simu, wakaamua Mama Theodora aje Marekani akae na Gelasius, kifungua mimba, kwenye apartment yake Arlington. Mama akaja. Gelasius alimpenda sana, hilo mtu asimsingizie. Alimwachia chakula tayari, televisheni ikiwa imewashwa, na pasipoti yake aliihifadhi mwenyewe kwenye droo ya chumbani, chini ya mashati, isije ikapotea.

Sasa mambo yakaanza kumtia shaka. Akiingia nyumbani, Mama anakata simu. Akiuliza alikuwa nani, anajibiwa, "Mtu wa kanisani." Mtu gani wa kanisani anaongea Kihaya kwa kunong'ona? Halafu mdogo wake Glory, anayekaa Sharpstown kule Houston, akageuka kuwa na adabu. Gelasius alimpigia kumchunguza, akamuuliza watoto hawajambo.

"Hawajambo, kaka yangu mpendwa."

Mpendwa! Glory yule yule ambaye tangu utotoni alimwita "wewe"! Gelasius aliweka simu chini akiwa ameshapata jibu. Glory ana watoto watatu wadogo, na kulea watoto Marekani kunakausha mfuko. Kila Mbongo wa Texas anajua kwamba bibi ni lulu. Kuna ndugu hawasalimiani leo kwa sababu ya kugombania bibi mmoja. Glory anataka kumwiba Mama akamfanye yaya. Mtoto wa nyoka ni nyoka, alijisemea, kisha akakumbuka kwamba huyo nyoka mama yake ni Theodora, akaiacha methali hiyo.

Jumapili walipotoka misa, alifungua droo kutafuta soksi. Akainua mashati, akainua tena. Pasipoti haikuwepo.

Damu ilimchemka. Alitokea sebuleni, akampita mama yake aliyekuwa amekaa kwenye kochi akitazama mapishi ya Kizungu, akachukua simu, akaweka sauti kubwa, akawaita Glory na mdogo wao Isack aliyeko Fort Worth. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Hakumuuliza kitu.

"Glory, pasipoti ya Mama iko wapi?"

"Si umuulize mwenyewe?"

"Nakuuliza wewe! Unataka akulelee watoto usilipe daycare. Sema!"

"Mimi? Wewe umem-lock huko Arlington siku nzima, halafu mimi ndiye mwizi?"

"Jamani, taratibu," Isack akaingilia. "Hili tuliamue kama familia."

Mama Theodora aliinuka, akaelekea jikoni. Gelasius akasikia maji yakiingia kwenye birika.

"Mama, unafanya nini?"

"Si kuna kikao? Naweka chai." Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Mlipogawana ng'ombe wa baba yenu, niliweka chai. Mlipoamua nije huku, niliweka chai. Nyie mnaamua, mimi nachemsha."

Gelasius alijiona mdogo, akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Jibu la mtihani alikuwa akilikosea wiki nzima huku akimlaumu mtunga maswali.

"Njoo ukae, Mama," akasema. "Pasipoti umeichukua wewe?"

"Nimeichukua. Ina picha yangu."

"Unataka nini, Mama?"

Mama alimtazama kwanza, kama anayetaka kujua swali hili lina mtego gani. Hakuwa amelizoea.

"Nataka kwangu Bukoba. Glory amenikatia tiketi. Nilimkataza asikwambie mpaka umalize mtihani wako, ungeita kikao."

"Hapa unakosa nini?"

"Kitu sikosi, nakosa mtu. Unaondoka sijaamka, unarudi nimechoka kukungoja. Nikifia kule, jirani atanikuta kabla uji haujapoa. Nikifia hapa, utanikuta wewe jioni, ukitoka kutunza wazee wa watu."

Gelasius alilia, mtu mzima na ndevu zake, na simu ikiwa wazi. Alijaribu kusema akiondoka, green card yake ya kuishi Marekani itapotea. "Ipotee," Mama akajibu, na Isack, aliyezoea kufunga vikao kwa sala, safari hii akakata simu bila hata kuaga.

Mtihani alifaulu, tulimalize hilo, na leo ofisi anayo. Lakini siku anayoisimulia Gelasius si ya mtihani. Ni Jumanne iliyoufuata, uwanja wa ndege wa Dallas, wakati dada wa kaunta alipomuuliza kama mama yake atahitaji kiti cha kusukumwa.

Gelasius alishafungua kinywa kusema hapana. Mama yake ni chuma. Arlington nzima alikuwa ameitangazia kwamba bibi yule anapanda ngazi za ghorofa upesi kuliko vijana. Akafunga kinywa, akageuka.

"Mama, anauliza kama unataka kiti cha..."

"Nakitaka," Mama akasema hata kabla hajamaliza.

Kiti kikaletwa. Aliketi polepole, amekishika kwa mikono yote miwili, akafumba macho na kushusha pumzi ndefu. Gelasius alimtazama, shaka yote imemwisha, imebaki hofu.

"Mama, unaumwa?"

"Magoti. Tangu mwaka juzi."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"