Fundi wa Chombo Alikufa, Nikamfufua Mbele ya Mama Mkwe

Admin, nifiche vizuri tafadhali, maana huku mlimani mtandao ukishika tu kila mtu anausoma ukurasa wako. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, Mwiraqw wa Ganako, nimeolewa na Mmasai huku Nainokanoka. Mume wangu ni mlinzi Dodoma, anarudi mara chache. Mimi nina kaduka kenye televisheni ya sola, na naishi na mama mkwe wangu, tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimasai. Ameniita mwanangu tangu siku niliyofika, ndiyo maana jambo hili linanitafuna.

Jumapili baada ya ibada majirani huja dukani kuangalia sizoni, tamthilia ya watu wanaosafiri angani. Niliinunua Karatu kwenye flashi, ni Kiingereza kitupu, kwa hiyo mtafsiri ni mimi. Nikafanya kama wale wanaotafsiri filamu vibandani, nikawapa wahusika majina ya hapa hapa ili watu wasipotee. Nahodha nilimpa jina la jirani mmoja mwenye maringo. Fundi wa chombo chao cha angani, kijana mcheshi anayetengeneza kila kinachoharibika, nikampa jina la shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wa Yeyo. Shemeji alifurahi mpaka akawa anawahi kukaa mbele kabisa.

Sasa ile sizoni, jamani, imejaa matundu. Leo hewa imewaishia wanakata roho, wiki ijayo wanakimbizana na kuimba. Sayari ina majua mawili, ukirudi ina moja, na hakuna anayeuliza la pili limeenda wapi. Kila wanaposhuka wanakuta watu wanaongea lugha yao, wakati mimi kutoka Ganako mpaka hapa tu ilibidi nijifunze upya hata kuomba maji. Na watu wa huku, ng'ombe mmoja asiporudi zizini wanataka maelezo. Wakawa wananibana maswali. Nikaogopa wataona natafsiri vibaya, basi nikawa naziba. Nikasema hewa waliazima kwa chombo kingine, jua la pili liko nyuma ya mawingu. Wakaridhika, nami nikanogewa na kazi hiyo.

Mwishoni mwa sizoni ya pili fundi akafa. Alifungiwa nje ya chombo, hewa ikamwishia, wenzake wakauona mwili, wakauombea, wakauachia uelee gizani. Shemeji alicheka sana siku hiyo, akasema shemeji umeniua. Baadaye akamfuata kaka yake Dodoma kutafuta kazi ya ulinzi, na huko akagongwa na lori. Mume wangu alimleta kwenye sanduku lililofungwa. Wazee wakasema lisifunguliwe kwa jinsi alivyoumia, wanaume wakazika, Yeyo akabaki ndani na wanawake. Jina lake silitaji hapa, kwa mila ya ukweni marehemu hatajwi. Yeyo aliacha kula, ikawa namlisha uji kwa kijiko. Televisheni nikaizima.

Miezi ikapita, majirani wakaomba tuendelee. Yeyo mwenyewe akaja, akakaa karibu na mlango. Sikuona shida, fundi si alishakufa? Nikaweka sizoni ya tatu bila kuitazama kwanza. Inaanza tu, fundi huyo anaingia jikoni, mzima, anamimina chai, na wenzake wanamsalimia kama mtu aliyetoka chooni. Hakuna maelezo yoyote. Waandishi walisahau, au walidhani sisi tumesahau. Yeyo akasimama, akalitaja jina la mwanawe, ambalo hakuna aliyelitamka tangu mazishi, akaniuliza, "Amerudije?"

Ningemwambia tu kwamba hii ni filamu, wamekosea. Lakini nilipomtazama usoni, mdomo wangu ukafanya ulichozoea. Nikasema kuna chombo kingine kilimkuta anaelea, bado ana pumzi kidogo, wakamchukua wakamtibu. Akakaa. Jioni ile akaomba ugali na maziwa, akamaliza. Nililia kwa furaha, siwafichi, nikajiona nimemponya.

Tangu hapo kila Jumapili anakaa mbele, pale pale alipokuwa anakaa marehemu. Ananiuliza nani alimwona kwanza, alilazwa wapi, kwa nini hakutuma salamu kwao. Nami najibu, naongeza uongo juu ya uongo, kwa sababu ninaona anavyopata nguvu. Wiki iliyopita alinikuta nakamua ng'ombe, akaniambia kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, yule walimwona kwa macho yao amekufa, na amerudi. Wangu mimi sikuonyeshwa hata mkono."

Ameshachagua dume la kuuza apate nauli. Amempigia mume wangu simu aombe ruhusa kazini, wazunguke pamoja hospitali zote za Dodoma kumtafuta mdogo wake. Mume wangu ndiye aliyeutambua ule mwili, na mpaka leo hawezi kulizungumzia jambo hilo. Alinipigia analia, akaniuliza nani amemwingizia mama yake mambo haya. Nikasema sijui.

Nikisema ukweli, namzika kijana wake mara ya pili, na safari hii Yeyo atakuwa anatazama. Nikinyamaza, ataenda kusimama kwenye milango ya wodi akiwaita watoto wa wenzake kwa jina la mwanawe. Halafu nimeshaitazama sizoni yote mpaka mwisho. Fundi anapotea tena. Hafi, haagi, hatajwi, ni kama hakuwahi kuwamo. Jumapili hii tunafika hapo, na Yeyo atageuka mbele ya watu aniulize mwanawe yuko wapi. Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini mkimaliza mniambie: nimjibu nini?