Tambi Baridi na Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Wazungu niliokuwa nikiwapikia kule Lavington waliondoka siku ya pili baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa. Gari lililowapeleka uwanja wa ndege lilikuwa na walinzi wawili mbele na kizimba cha paka nyuma. Paka yule alikuwa na pasi yake ya kusafiria, niliwahi kuiona kwenye droo. Mimi, mpishi wao wa miaka sita, nilipewa mfuko wa vitu vilivyobaki kabatini na nikaambiwa nijitunze.

"Usikae mahali penye hatari," mama wa nyumba ile aliniambia, akinishika bega.

Nikamshukuru. Kisha nikashika njia ya kwenda Kawangware, maana huko ndiko nilikokuwa nikikaa.

Ndani ya mfuko mlikuwa na pakiti tatu za tambi za Kichina, zile nyembamba zinazopitisha mwangaza, chupa ya sosi ya soya iliyobaki nusu, siki ya mchele, na kichupa cha mafuta ya simsim. Unga haukuwamo. Wazungu wale hawakuwa watu wa unga.

Lazima nikiri kitu. Pale kwenye ploti yetu, safu ya vyumba vya mabati vya kupanga, nilikuwa nimejijengea jina. Jioni nikitoka kazini niliwaeleza majirani kuhusu vyakula vya Thailand na Vietnam, na nilizitaja nchi hizo kama mtu aliyewahi kushuka huko na mkoba. Mke wangu alinisikiliza huku akisonga ugali. Miaka sita yote sikuwahi kumpikia hata yai. Niliamini kwamba mpishi wa wazungu akifika nyumbani anakuwa mume, na mume hapiki. Niliitetea imani hiyo nikiwa nimekaa.

Siku ya tatu ya vurugu za kikabila zilizofuata matokeo yale, unga uliisha nyumbani. Duka la karibu lilikuwa langoni pa ploti, na mwenye duka ndiye alikuwa mwenye ploti: mjane wa makamo, mwenyeji wa Kawangware tangu enzi za babu yake, mtu wa kanisa sana. Alikuwa amelifunga. Alisema unga umekwisha Nairobi nzima, na akatuhimiza wapangaji tuitumie nafasi hiyo kufunga na kuomba.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, fundi wa mawe kutoka upande wa magharibi, alikuwa ameshaondoka. Mwenye ploti ndiye aliyemshauri. "Ni kwa usalama wako," alimwambia, na fundi akatoka na begi moja. Hata hajafika barabarani, mwenye ploti alishatia kufuli lake mwenyewe kwenye ule mlango. Sisi watu wa Machakos hatukushauriwa kuondoka wala kubaki. Kila upande ulituuliza tuko upande gani, na tulipojibu kwamba tuko upande wa njaa, walidhani tunaficha kitu.

Ndipo mama mkwe wangu alipofika.

Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Laini Saba, kule Kibera, ambako alikuwa na kibanda cha mboga kando ya reli na ambako pia alisuka vyondo vya kuuza. Kibanda kilikuwa kimevunjwa. Walichukua mizani, viti, hata mlango, lakini kabichi mbili wakaziacha. Alizibeba zote mbili mgongoni ndani ya kiondo, akapita kituo cha Olympic, akakata barabara ya Ngong Road huku watu wakikimbia kila upande, akatokea kwetu saa tano asubuhi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Sasa, kwetu Ukambani mkwe wa kiume na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja huchepuka. Ni heshima kubwa, na iliwekwa na wazee waliokuwa na maboma mapana. Sisi tulikuwa na chumba kimoja cha mabati, ukinyoosha miguu unagusa jiko. Mke wangu alitundika leso mbili katikati kama pazia, akamweka mama yake upande wa kitanda na mimi upande wa mlango. Usiku nililala kwa kinyozi, mlango wa tatu. Mchana tulikaa hivyo, hatua mbili kati yetu, kila mmoja akijifanya hajui kwamba mwenzake anapumua.

Tulizungumza kupitia mke wangu.

"Muulize mumeo kama amesikia habari yoyote kwenye redio," sauti ilitoka nyuma ya leso.

"Mama anauliza kama umesikia habari yoyote kwenye redio," mke wangu aliniambia, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambie hakuna."

"Mama, anasema hakuna."

"Nimesikia," mama mkwe alijibu.

Siku ya pili ya ukaaji huo niligundua pakiti moja ya tambi haipo kwenye rafu. Nyuma ya pazia nilikuwa nikisikia kitu kikikatika, kak, kak, na mtu akiguna. Mke wangu alichungulia, akarudi amejiziba mdomo. Mama yake alikuwa amedhani zile ni nyuzi za kusukia vyondo. Alikuwa akizisokota kwenye paja, na kila alipozisokota zilivunjika.

"Mwambie mumeo hao wazungu wake wanauziwa uzi mbovu," sauti ilisema.

"Mwambie mama huo si uzi. Ni chakula."

Kule kukatika kukakoma. Halafu: "Muulize kinaliwa na nani."

Nilichomwa na swali lile zaidi ya nilivyochomwa na ile pasi ya kusafiria ya paka. Nikavua shati, nikamwambia mke wangu anipishe kwenye jiko. Nilitangaza kwamba siku hiyo watu wa nyumba hii wangekula chakula cha hoteli, na kwamba kinaliwa baridi, kwa hiyo makaa yetu machache yangetosha kuchemsha maji tu.

"Baridi?" mke wangu aliuliza. "Chakula baridi si ni cha mwanamume aliyechelewa kurudi?"

Nilichemsha maji, nikayamwaga juu ya tambi kwenye sufuria, nikafunika. Kabichi moja ya mama mkwe niliikata nyembamba sana. Kisu cha Lavington kilikuwa kikali, chetu kilikuwa kama kijiko, lakini mkono ulikumbuka kazi. Karoti moja iliyonyauka niliiparuza. Mke wangu alitoka akarudi na dhania, pilipili na limau moja ambalo kinyozi alikuwa akilitumia kwa nywele za wateja. Njugu tulikuwa nazo kikombe, nikazikaanga kwa joto la makaa lililobaki, nikaziponda kwa chupa ya soda. Kwenye bakuli nilichanganya sosi ya soya, siki, sukari, maji ya limau na mafuta ya simsim, nikaonja kwa ncha ya kidole kidogo, nikafumba macho kama nilivyofanya mbele ya wageni wa wazungu. Hakuna aliyenitazama.

Tambi zilipolainika nilizimimina kwenye chungio, nikachukua mtungi na kuzimwagia maji baridi.

"Wewe!" mke wangu alipiga kelele. "Unamwaga maji? Mabomba yamekauka tangu juzi!"

"Ndivyo inavyofanywa. Zisipooshwa zinashikana."

"Ziache zishikane! Hata nchi imeshindwa kushikana."

Alisukuma beseni chini ya chungio, maji yale yakaosha vyombo na baadaye nguo. Mimi nikachanganya kila kitu kwa mikono, kwa unyenyekevu kidogo kuliko nilivyoanza.

Nilikuwa nimejaza sahani ya mama mkwe, na mke wangu ameipitisha chini ya leso, wakati mlango ulipobishwa. Alikuwa mwenye ploti.

"Bwana asifiwe."

"Amina," tukajibu.

Alisema amekuja kutuombea. Macho yake yaliombea sufuria kwanza. Akaketi kwenye kiti changu, akapewa sahani, akala bila kuuliza ni nini. Akaongezwa. Alisema Mungu huwalisha watu wake jangwani, akafuta sosi kwa kidole. Ndipo akakumbuka kilichomleta.

"Nasikia kuna mgeni hapa," alisema. "Wa kutoka Kibera. Sikatai, lakini siku hizi watu wa Kibera wanakuja na shida zao. Mimi naangalia usalama wenu. Itabidi aondoke kesho."

"Ni mama yangu," mke wangu alisema. "Ameibiwa kila kitu. Ataenda wapi?"

"Mungu atamfungulia njia. Hata mimi mngeona duka langu. Sina hata pakiti moja ya unga. Tuko sawa sote."

Nyuma ya pazia nilisikia sahani ikiwekwa chini. Halafu leso ikasogezwa, na mama mkwe wangu akatoka. Kwa miaka tisa ya ndoa yangu nilikuwa nimemwona ubavuni tu, kwa mbali, akiwa amegeuka. Sasa alisimama mbele yangu uso kwa uso, mwanamke mfupi mwenye pengo mbele na majani ya dhania kwenye midomo. Nilitazama chini kwa haraka nikajigonga kichwa kwenye ukingo wa rafu.

Hakunijali. Alimtazama mwenye ploti.

"Hapo mlango wa pili kuna kufuli," alisema. "Mimi sina kufuli tena, kwa hiyo kufuli za watu nazitazama sana. Asubuhi nikienda choo nimepita kando ya dirisha lake. Karatasi iliyoliziba imechanika. Kitanda cha yule fundi kimejaa unga mpaka juu. Bado nilikuwa najiuliza ni mtu gani anayelaza unga kitandani na binadamu anamtoa nje."

Mwenye ploti alicheka kicheko kifupi. "Mama, umeona vibaya. Macho ya uzee."

"Twende basi tukaangalie pamoja, wewe una ya ujana."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini kuta za mabati hazina siri. Milango ilianza kufunguka. Kinyozi alitoka, wakatoka akina mama wawili wa upande wa choo na watoto wao, na wote wakasimama uani wakimtazama mwenye ploti aliyekuwa ameinuka hadi mlangoni kwetu na sahani yangu mkononi. Ningependa kuandika kwamba nami nilisema jambo la kishujaa. Nilisema, "Karibu tena, mama," kwa sababu nilikuwa mpangaji.

Saa tisa alasiri duka lilifunguliwa. Mwenye ploti alitutangazia kwamba Bwana amejibu maombi, kwamba kuna mtu wa kanisa aliyemletea unga kidogo kwa mlango wa nyuma. Ploti ile haikuwa na mlango wa nyuma. Tulipanga foleni, kila nyumba ikapata pakiti mbili, na hakuna aliyebishana na muujiza. Mgeni wetu hakutajwa tena. Jioni mke wangu alisonga ugali, na mama yake akamwomba amchanganyie na zile tambi zilizobaki. Alizila bila kutoa maoni, lakini alizimaliza.

Fundi wa mawe alirudi baada ya viongozi kupeana mikono, wiki nyingi baadaye, akakuta godoro lake jeupe kwa unga. "Nilikutunzia chumba," mwenye ploti alimwambia. Aliishi hapo mwezi mmoja, akahama. Mama mkwe alikuwa amerudi Laini Saba kabla ya hapo, akaanza upya na turubai na mafungu manne ya nyanya.

Kwetu sisi jambo lilikuwa halijaisha. Habari zilifika Machakos kwamba mama mkwe na mkwe wametazamana uso kwa uso, na zaidi ya hapo, mwanamume amempikia mama wa mkewe. Wajomba wa mke wangu walikaa kikao. Watu hawa Januari nzima hawakutuma hata debe la mahindi, hawakupiga hata simu moja kuuliza kama dada yao yu hai. Lakini kwa suala la heshima walikuja Nairobi wanne, kwa basi moja, wakidai mbuzi wa kusafisha kosa.

Nilimnunua. Tulimchinja uani, wajomba wakala mbavu na maini, wakanisamehe. Mkubwa wao, akichokonoa meno, aliniuliza kwa upole ni kitu gani kilichonipata mimi, mwanamume mzima, hadi nikampikia mama mkwe.

Kabla sijajibu, mama mkwe, aliyeitwa kutoka Laini Saba kushuhudia, alisema kutoka walikoketi wanawake, akiwa amenipa mgongo kama inavyotakiwa:

"Mwambieni kaka yangu huyo kwamba mkwe alinipikia kwa sababu nilikuwa na njaa. Kisha muulizeni, yeye siku hiyo alikula nini."

Mjomba aliomba mchuzi zaidi. Mke wangu akampelekea.