Tope la Ndiva

Siku yangu ya kwanza kazini Same, nilikohamishiwa miaka michache kabla ya kustaafu, sikukabidhiwa mashine yoyote. Mkuu wa kituo, mtu mkavu asiyependa salamu ndefu, alinipa kijiko cha plastiki na mifuko ya kutilia udongo. Nikauliza kwa nini si koleo.

"Koleo ni chuma," akasema. "Unatafuta madini ya sumu halafu unayatia mwenyewe kwenye sampuli?"

Kazi yetu ilikuwa kukagua marudio, yaani mchanga uliosagwa na kukamuliwa dhahabu, ukaachwa malundo malundo wachimbaji walipohama. Ndani yake hubaki risasi, arseniki, na zebaki waliyonasia dhahabu. Tulichota sampuli, tukazianika kivulini, tukazichekecha, ndipo zikaenda maabara kupimwa zina sumu kiasi gani. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa.

Lundo moja lilikuwa juu ya ndiva, bwawa la kuhifadhia maji ya kumwagilia, kama yalivyo mengi huku Upareni. Nilipima maji, yakawa safi. Nikaandika kwamba ndiva ni salama, na nakala akapewa mama Nakijwa, katibu wa watumiaji maji.

Miaka miwili baadaye nilipita pale siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Ndiva ilikuwa imekaushwa. Watu walizoa tope kwa karai, na mama Nakijwa alikuwa akilimwaga kwenye tuta lake la mchicha, maana tope hilo hustawisha mboga kuliko samadi. Nikachota tope hilo mfukoni likapimwe. Madini haya ni mazito, huzama chini. Nami nilikuwa nimepima maji tu.

Majibu ya tope yalipokuja, risasi ilikuwa imevuka kiwango. Mkuu akaniambia, "Andika ripoti mpya. Ile ya kwanza usiitaje."

Niliitaja. Kisha nikapanda mlimani kumweleza mama Nakijwa mwenyewe.

"Shikamoo, baba," alinipokea, akanipa kigoda. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwani wewe si wa huku?"

"Ni wa Suji."

"Basi msaragambo umefanya."

"Tangu nikiwa mdogo."

"Na tope ulijua linakwenda wapi."

Niliona aibu, na ninaiona hadi leo.

Tuta likaachwa. Mwanawe mdogo akapimwa damu, ikakutwa na risasi. Daktari alisema madhara yake hayaonekani upesi. Aangaliwe anavyokua na anavyosoma.

Sasa nimestaafu. Vijana wananisifia mashine zao mpya, zile za kushika kama bunduki zinazosoma udongo papo hapo. Ni nzuri. Ila wawaulize kwanza wenyeji wanafanya nini na kila kinachotoka pale wanapopima. Mimi nilikuwa mwenyeji, na sikujiuliza.

Nikipita kwa mama Nakijwa huuliza mtoto anaendeleaje shuleni. "Anajitahidi, baba," hunijibu, akanimiminia chai. Madaftari ya mtoto huwa pale pale mezani. Sijathubutu kufungua hata moja.