Mwenye Ng'ombe Mwekundu

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka hadi leo, mjukuu wangu. Andika taratibu, wala usinikatize. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Meru na kulifunika boma letu. Nilikuwa nimeketi mlangoni, mjane kijana, nimempakata baba yako akiwa bado mchanga. Tangu tumzike babu yako nilikuwa sili. Maziwa yalikuwa yakinikauka, na kilio cha mtoto kilizidi kufifia.

Muuguzi mmoja alipanda kutoka mjini kuja kunishauri. Alikuwa binti mpole, mgeni wa mila zetu. Akanishika mkono. "Dada, mtaje mumeo. Sema jina lake, moyo utafunguka."

Aliposihi tena, nikajifunika shuka usoni.

Mama mkwe wangu akamjia na fimbo yake. "Binti, unamwita nani? Kwetu Waarusha, aliyelala haitwi kwa jina."

"Shikamoo, mama. Sasa asipomtaja, atalia vipi?"

"Kwani machozi yanaandikishwa majina? Kaa chini, unywe maziwa."

Nilidhani yule muuguzi ataondoka kwa hasira. Akakaa, akanywa, akatulia mpaka nikasahau kwamba ni mgeni. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Yule ng'ombe mwekundu, mbona analia tu pale zizini?"

"Anamngoja mwenyewe," nikasema.

Nikamweleza jinsi mwenyewe huyo alivyompigia mluzi kila alfajiri. Mwanamume asiyeogopa fisi, lakini jogoo akimkimbilia, anapanda uzio! Nikacheka, kisha nikalia. Ndani ya ukungu nilikuwa kama nausikia mluzi ule ukipita polepole kuelekea malishoni. Mama mkwe akaniletea uji, nikaumaliza. Baada ya siku chache baba yako alinyonya, akashiba, akalala.

Jumatatu unaanza kazi ya kuwashauri wafiwa kule Sekei mjini, Naserian. Watakujia Wameru, Wachaga na Waarusha wenzetu. Usimvue mtu mila zake ndipo umtibu. Kabla ya kumuuliza, jifunze jinsi watu wa kwao wanavyoomboleza. Ukikosea, usijitetee; kaa chini, unywe unachopewa, usubiri.

Jina la babu yako waulize wengine, mimi usiniulize. Sasa weka kalamu, inamisha kichwa nikutemee mate ya baraka. Mungu akutangulie kama mluzi ule alfajiri, na kila atakayekujia akilia, arudi kwake akalale.