Ngege wa Juu ya Kahawa

Mume wangu alikuwa mchuuzi wa samaki mwenye lori lake, na kiburi chake chote kilikuwa kwenye samaki. Alinunua ngege ziwani Hamukungu akawauza Bwera, karibu na mpaka, na hakuwahi kumuuzia mtu samaki aliyelegea. Mie nilikaa naye mbele, mtoto mapajani, maana askari hawakusumbua sana gari lenye mama.

Miaka ya sabini ikaja na balaa lake. Sabuni hakuna, sukari unaiota tu. Wakulima wa Bugoye walipeleka kahawa yao serikalini wakarudi mikono mitupu, wakaambiwa wangoje. Ng'ambo ya mpaka, Zaire, kahawa hiyohiyo ilipokelewa kwa vitenge na sabuni palepale. Basi kila mwenye gari akaingia magendo, na sisi tukaingia, japo ukikamatwa ni risasi. Magunia ya kahawa chini, majani ya migomba juu yake, kisha samaki.

Sasa, wenzetu wote walikuwa na ujanja mmoja: juu unaweka samaki waliooza. Askari akifunua turubai anaziba pua, anakupungia upite. Asubuhi ile pale ziwani nikamwambia, "Baba watoto, chukua wale waliolala. Wavuvi watakupa bure."

Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. "Mimi? Watu wa Bwera wanione nimebeba uozo? Acha mchezo, mama."

"Kwani njiani unasimamishwa na watu wa Bwera au na askari?"

"Nimesema hapana."

Akachagua ngege wanene, akawapanga mwenyewe, wakubwa chini wasipigwe na jua. Nilikasirika mie! Njia nzima nimenuna, simsemeshi.

Njia panda ya Kikorongo tukakuta kizuizi, askari wawili. "Shuka! Funua!" Mmoja akapanda nyuma, akachungulia, akaangua kicheko cha furaha. "Kumbe samaki iko mzuri hivi!"

"Chukua, afande," mume wangu akasema, na wallahi niliisikia fahari kwenye sauti yake. "Hao wametoka majini leo."

Akachukua wa juu. Akamwita mwenzake naye achague. Walikuwa na wake na watoto kule kambini, wakataka wakubwa zaidi, wakawa wanachimba. Mimi nimeshika mlango wa gari. Mkono ukazama, ukatoka na jani la mgomba. Ukazama tena, ukatoka na kahawa.

Kicheko kikakatika. "Nini hii? Lala chini!" Mume wangu akalala kwenye vumbi na shati lake jeupe la sokoni. Walipomsukuma kwenye gari lao aligeuka akaniambia, "Funika samaki, jua kali."

Ya Rabi, samaki! Hata kwaheri hakuniambia. Yule askari wa pili akaondoka na lori letu, nikabaki barabarani na mtoto.

Nilizunguka kambi zote nikiuliza, nikafukuzwa kote. Sikumwona tena, wala kaburi sikuonyeshwa.

Hata leo nikifika soko la Bwera, wale wateja wake wa zamani hunishika mkono. "Mama, samaki ya bwana yako, ya namna ile hatujapata tena." Nawaambia ahsante. Moyoni natamani kupiga yowe: laiti angebeba samaki waliooza siku ile moja tu.