Chupa za Chini ya Ngazi

Fundi wa mafriji wa mtaa wetu tunamwita Baridi. Ni mtu wa maneno machache na masharti mengi. Sharti kubwa kuliko yote alilitangaza siku mdogo wake alipohamia kwake na begi moja, baada ya pombe kumtoa kazini na kumvunjia ndoa: "Humu ndani haliingii hata tone." Mdogo mtu akaitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo hakugusa glasi. Alijifunza kazi ya kupaka rangi nyumba, mwili ukaanza kumrudia, na watoto wa kaka yake wakawa wanamdaka miguuni kila anaporudi.

Aliyeweka sharti ndiye aliyelivunja. Nitamtetea kidogo, maana friji yangu ameitibu mara nyingi kuliko inavyostahili. Baridi si mlevi. Alikwenda kutengeneza chumba cha baridi cha hoteli, mpishi akamwonjesha bia ya kutengeneza nyumbani: kali, chungu, inanukia maganda ya machungwa. Akarudi roho yote iko kwenye bia. Na mdogo wake alikuwa amepata kazi ya kupaka rangi shule moja ya mbali, hayupo kwa wiki kadhaa.

"Na shemeji akirudi?" mkewe alimuuliza.

"Atakuta imeshakwisha."

"Haya. Mimi simo."

Alichemsha kimea kwenye sufuria kubwa, akatia bila uchoyo maua makavu ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu na harufu yake, kisha akaimimina kwenye ndoo, akaitia hamira na kuifungia ndani ya friji kuukuu aliyoirekebisha isipoze sana. Ilipoanza kuchacha akaongeza hopsi nyingine. Ikawa kila asubuhi anaichungulia kabla hajanawa uso. Raha aliipata, sikatai. Lakini kila akifunga mlango wa friji alitazama nyuma, mtu mzima anaogopa kufumaniwa nyumbani kwake mwenyewe.

Kisha simu ikaja. "Kaka, kazi tumemaliza mapema. Kesho niko nyumbani."

Bia ilikuwa bado inatoa mapovu. Ukiifungia kwenye chupa kabla haijatulia, itaendelea kuchachia humo humo, na gesi haina pa kutokea. Mtu anayekula kwa kazi ya gesi na mabomba yake hawezi kusema hakujua. Alijua. Akaijaza kwenye chupa hivyo hivyo, akaongeza sukari kidogo kama mpishi alivyomwelekeza, akabana vifuniko na kuzificha chini ya ngazi, nyuma ya mapazia ya zamani. Friji akaisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa.

Mdogo wake alirudi, nyumba ikachangamka, na Baridi akaanza kuamini kwamba limepita.

Alasiri moja mkewe alikuwa kazini. Baridi alirudi kutoka kwa mteja akakutana na mdogo wake mlangoni, mikono ya shati imelowa, suruali imelowa magotini, ananuka hopsi mwili mzima. Damu ikampanda fundi wetu.

"Umekunywa!"

"Kaka, ngoja kwanza..."

"Usiniambie ngoja! Nipumulie."

Watoto walikuwa wamesimama pale wakitazama. Mdogo mtu, ambaye ndevu zake zimeanza mvi, alisogea, akafungua kinywa, akampumulia kaka yake usoni. Ilitoka harufu ya chai.

"Tena," Baridi akasema.

Akapumua tena. Kisha akanyanyua mkono wa kulia. Kiganja kilikuwa kimefungwa kitambaa chenye damu.

"Chupa moja imepasuka. Watoto walikuwa wanacheza hapo kwenye ngazi. Nimewatoa nje, nimeokota vioo, nimepiga deki. Hizo nyingine usizitikise, kazifungulie nje polepole. Umezifunga mapema."

"Ulijua zipo?"

"Toka siku niliyorudi. Harufu hiyo nitaikosaje mimi?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nyumba ni yako, kaka."

Baridi alizitoa chupa moja moja, amezifunika kwa gunia lililolowa, akazifungua kwenye mtaro wa nyuma. Povu liliruka mpaka ukutani. Hakuonja hata moja. Alikuwa anafikiria mdogo wake amepiga magoti katika bia ile, anaikamua kutoka kwenye tambara kwa mikono miwili, peke yake, hakuna wa kumwona kama angelamba hata kidole. Aliona aibu iliyomfanya asiweze kuingia ndani. Mkewe aliporudi alimkuta angali pale mtaroni.

Baridi aliomba msamaha mbele ya watoto wale wale. "Yamekwisha, kaka," mdogo wake alimjibu, na hakuonekana mwenye kinyongo. Kidonda kilipona. Hakuhama, wala hajagusa pombe mpaka leo.

Ila siku hizi akirudi kutoka kwenye rangi zake, watoto huwa wanasubiri. Kwanza anakwenda kwa kaka yake, anasimama mbele yake na kumpumulia usoni. Ndipo anapowasalimu wengine.

"Acha bwana, mdogo wangu. Nakuamini."

"Najua."

Na kesho yake anafanya vile vile. Nimemshuhudia Baridi mwenyewe: akisikia geti linafunguliwa, anaweka chini spana aliyoshika, anainamisha macho, anangoja.