Aliyekuja Raila Kudai Ngozi ya Ngoma Yangu

Kwanza nikwambie sikuwa nimelewa. Watu wa mtaa wa Congo hapa Kawangware nikiwasimulia jambo hili huuliza hilo kabla ya kitu kingine chochote, halafu hucheka, nami nimechoka kuchekwa. Haya yalinipata mwenyewe, mchana, kule kijiji kinachoitwa Raila ndani ya Kibera, na ushahidi ninao mikononi. Ungekuwa karibu ningekuonyesha, ingawa wengi nikiwaonyesha hurudi nyuma hatua moja na kuuliza kama inaambukiza.

Mimi ni fundi wa makochi. Hiyo ni kazi tu, ya kulipa nyumba. Raha yangu ni isukuti, ngoma ya kwetu Waluhya. Tulikuwa na kikundi hapa mtaani, tukiitwa harusini na kwenye matanga, na mimi nilipiga ile ngoma ndogo, ile yenye sauti kali inayowaongoza wachezaji. Nilipewa na mjomba kule nyumbani. Ngozi yake haikuwa ya ng'ombe wala ya mbuzi. Ilikuwa ya kenge, yule mjusi mkubwa wa mtoni, kwa sababu ndivyo isukuti ilivyowambwa kwetu tangu zamani. Niamini, hakuna ngozi inayolia vile.

Sasa, mke wangu ni nesi. Alipata kazi Ujerumani, akatangulia na binti yetu Imali, na mimi nikawa nafuata. Karatasi zangu zilikuwa karibu kukamilika, imebaki kupigwa alama za vidole tu. Jioni moja Mama Imali akanipigia simu.

"Baba Imali, kuja na ngoma. Huku ni kimya mpaka masikio inauma. Na huyu mtoto anakuulizia hiyo ngoma kuliko anavyokuulizia wewe."

Nilicheka, lakini baada ya kukata simu nililia kidogo. Nilikuwa nimewakosa sana. Ungekuwa wewe, ungeiacha ngoma?

Nikaipeleka kwa dada mmoja hapa Kawangware anayetuma mizigo ng'ambo. Akaigeuza, akaigusa, akainusa.

"Hii ngozi ni ya nini?"

"Kenge."

Aliirudisha mezani haraka. "Haki ya nani! Wewe unataka tushikwe? Huyo ni mnyama wa pori. Watu wa forodha wakiona hii kitu wanaichukua, na wewe unawekwa ndani. Hiyo viza utaisikia tu kwa jirani."

"Sasa nifanye aje?"

"Toa hiyo ngozi, weka ya mbuzi. Leta barua ya daktari wa mifugo, mimi natuma bila stori."

Mafundi wanaojua isukuti vizuri wako nyumbani, mbali, na siku zilikuwa zinakimbia. Nikaelekezwa kwa kijana anaitwa Odhis, pale Raila, Mjaluo wa kutoka ziwani anayewamba ngoma yoyote unayomletea. Kibanda chake kiko chini kabisa, karibu na ule mto mchafu. Aliniona tu na ngoma akaanza.

"Niaje msee. Nyinyi Waluhya kuku ikiisha mnakula nini? Hadi ngoma mnavalisha mijusi!"

"Wewe fanya kazi. Kwani samaki zenu hazina ngozi?"

Tulicheka. Akang'oa vigingi, akaitoa ngozi ya kenge taratibu, ikatoka nzima, bado na vile vijidoa vyake vya manjano. Akavuta ngozi mbichi ya mbuzi juu ya mti wa ngoma na kuifunga kwa kamba. Sasa mtu yeyote wa ngoma anajua kinachofuata: ngozi mpya huoteshwa moto ili ikaze. Lakini makaa ya Odhis yalikuwa na unyevu, yanatoa moshi tu. Kabla sijafungua mdomo, akaikunja ile ngozi kuukuu na kuitumbukiza jikoni. Ilikuwa imekunywa mafuta ya miaka, ikawaka papo hapo.

"Hapo sasa," akasema, na kuisogeza ngoma karibu na moto.

Nyumbani, ngoma ikichakaa, mjomba alikuwa akiibeba ile ngozi ya zamani mpaka mtoni na kuiacha majini. Hakuwahi kueleza, nami sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni namna yake ya kutupa takataka. Odhis angejuaje? Kwao ngoma ni ya ngozi ya ng'ombe. Akatoka kwenda kuchonga vigingi vipya kwa jirani mwenye tupa na msumeno, akaniacha nikilinda moto.

Mvua ikaanza. Mvua ya Kibera ikipiga mabati hata mawazo yako huyasikii. Hapo ndipo mtu mmoja akaingia kujikinga, au ndivyo nilivyofikiri. Alikuwa mwanamume mwenye mikono mirefu, amevaa koti kubwa la kijivu, na koti lile lilikuwa kavu. Nje maji yanamwagika kama yametoka kwa ndoo, na yeye hana hata tone! Hakunisalimia. Alichuchumaa karibu na jiko mpaka tumbo likakaribia kugusa chini, akaelekeza kifua kwenye joto. Koo lake lilikuwa likipanda na kushuka, likipanda na kushuka.

Kisha akanena, kwa Kiluhya cha kwetu kabisa, kile cha wazee wa kando ya mto. Akaniita mpwa wa mjomba wangu, na kumtaja mjomba kwa jina lake kamili. Hapa Nairobi hakuna mtu anayelijua jina hilo.

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini?" nikasema, ingawa nilishajua.

"Ngozi yangu."

Nilinyoosha kidole kwenye jiko. Kilichobaki kilikuwa kipande cheusi kimejikunja, na kikawa kinamalizika tukikitazama.

Hakukasirika. Angekasirika ningekimbia, na labda leo ningekuwa na cha kusimulia tofauti. Aliutazama ule moto muda mrefu, na nakuapia kwa jina la mtoto wangu, nilimwonea huruma.

"Mjomba wako alikuwa akinirudishia," akasema. "Nilikuwa nangoja tu ichakae. Sasa nitavaa nini?"

"Nisamehe, mzee. Sikujua."

"Najua hukujua." Akasimama, akaninyooshea mikono yote miwili. "Basi tuagane."

Na wewe unatujua sisi watu wa magharibi. Mtu akikunyooshea mkono huwezi kuuacha ukining'inia hewani, hata awe adui yako. Nikampa mikono yangu. Ilikuwa baridi ile isiyo ya mvua, baridi ya kitu kilichokaa chini ya jiwe. Nikataka kuitoa, haikutoka. Nikapiga kelele, mabati yakaimeza sauti. Miguu yangu ilikuwa pale pale, imara, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Yeye alikuwa akinipapasa vidole kimoja kimoja, polepole, kama mama anayemvua mtoto soksi. Sikusikia maumivu yoyote. Nililia tu, machozi yakashuka, na sikuweza hata kuyapangusa.

Alipomaliza akasema asante, akatoka akielekea mtoni.

Odhis aliporudi amelowa chapachapa, alisimama mlangoni akiangalia matope. "Nani amekokota kamba hapa?" Nikachungulia. Nyayo zilikuwepo, zimeachana sana, na katikati yake mstari mrefu umeburutwa mpaka ukingoni mwa maji. Nilimwambia amalize kazi nirudi kwangu. Hakutania tena siku hiyo.

Ngoma ilipita forodhani bila swali hata moja. Barua ya daktari wa mifugo ilitosha, dada wa mizigo alinipongeza, na baada ya muda Mama Imali akanitumia picha ya Imali ameikumbatia. Wakati huo ngozi ya viganja vyangu ilikuwa imeanza kutoka, nyembamba, vipande vipande. Nilidhani ni gundi ya makochi. Chini yake ikaota nyingine, ngumu, ya kijivu.

Siku ya alama za vidole nilivaa suti. Dada wa ofisini akaweka vidole vyangu kwenye kioo, mashine ikakataa. Akafuta kioo, akanifuta na mimi, akajaribu tena, na tena, watu wakipanga foleni nyuma yangu. Mwishowe akanigeuzia kompyuta nione. Mtu ana mistari inayozunguka, sivyo? Kwangu palikuwa na vitone vidogo, vimepangwa safu kwa safu, kama shanga.

"Ulishika asidi?" akauliza kwa upole. "Nenda utibiwe, urudi ikipona."

Haijapona. Nimepakwa dawa za kila daktari, mafuta ya kila pasta. Nimeanza maombi ya viza upya, nikakwama pale pale kwenye kioo. Nilirudi Raila nikakaa kando ya ule mto mvua ikinyesha, nikimwita, nikimwambia nitampa chochote achague, anirudishie tu. Watoto walinitupia mawe wakidhani ni mwendawazimu. Hakuja. Ana alichotaka, atarudi kufanya nini?

Imali sasa anaongea Kijerumani na mama yake, Kiswahili anakitafuta. Akinipigia simu ya video hunipigia isukuti kidogo, ngozi ile ya mbuzi inalia vibaya, halafu huweka kiganja chake kwenye kioo cha simu, anataka na mimi niweke changu tugusane. Mimi humwambia mtandao ni mbaya. Ameanza kutoniamini, namwona usoni. Mama yake aliniuliza wiki iliyopita kama nina mwanamke mwingine huku, maana sababu zangu zimeisha. Ningemweleza nini, wakati wewe mwenyewe hapo ulipo unasita?

Kwa hiyo sikia, wewe unayefunga mizigo yako. Kama una kitu cha kwenu ambacho forodha hawakitaki, usikivue ngozi ili kipite. Kiache kwa watu wake. Na kama umeshakivua, na mtu mkavu akaingia kwako mvua ikinyesha, akakunyooshea mikono muagane, weka yako mfukoni. Uitwe huna adabu, lakini ufike kwa watoto wako.